Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: gesi tunapima au tunakisia?

Mafundi wenzangu wa AC, wanachama, salaam na poleni na joto. Mambo ya hela sigusi, mweka hazina ameshawatumia mchanganuo wake, wenye maswali mumbane yeye siku ya kikao. Misiba na wagonjwa tulifika, na ambao hawachangi wanajijua. Mimi nataka kuongelea hii tabia yetu ya kujaza gesi kwa kukisia.

Nianze na aibu yangu kabla hamjanisema. Mwezi wa pili niliitwa ukumbi mmoja wa harusi hapa Dar, ijumaa jioni, harusi kesho yake, AC ya dakti, ile inayopitisha hewa kwenye njia za bati, ya gesi ya 410A, haipoozi. Nikapanda juu nikafunga geji ya presha, upande wa presha ya chini inasoma psi 95, na paipu kubwa inayorudisha gesi imeota barafu mpaka kwenye kompresa. Mimi kichwani nina 120 yangu ya siku zote, nikasema hii gesi imepungua, nikaongeza, nikaongeza tena, mzani sina, mtungi nausikilizia mkononi tu. Sindano ikapanda kidogo nikapokea changu nikasepa. Jumamosi saa mbili usiku simu, kompresa inagonga kama mtu anatwanga kisamvu alafu kimya, na bwana harusi jasho linamchuruzika ndani ya suti.

Kumbe filta imeziba vumbi na nyuzi za mapambo mpaka imekuwa kama godoro, na mkanda wa bloa, feni ya kusukuma hewa, umelegea. Hewa haipiti kwenye koili ya kupoozea, kwaiyo gesi haipati joto la kuchemka ikaisha yote, presha inashuka na gesi inarudi kwenye kompresa bado ni maji, yaani kimiminika cha gesi yenyewe, na mimi ndo nikaiongezea maji mengine. Kompresa kazi yake kusukuma mvuke, maji haiyawezi. Ile barafu ilikuwa inaniambia kabisa, maana gesi ikipungua kweli mara nyingi barafu inashika mwanzoni mwa koili na paipu kubwa inarudi ya vuguvugu. Kompresa mpya nimelipa mimi.

Ndo maana saivi nawasumbua na kipimajoto. Geji ya chini ikisoma 118 kwa 410A maana yake gesi inachemkia nyuzi 4 na kidogo, sasa bana kipimajoto kwenye paipu kubwa, ikisoma 11 una supahiti, yaani joto lililozidi pale gesi inapochemkia, ya 6 au 7 mambo yanaenda, ikisoma 5 funga mtungi haraka, ikisoma 20 hapo unaweza kuanza kuhisi upungufu. Ila mashine ya ekspansheni valvu, ile inayopima yenyewe gesi ya kuingia kwenye koili, usiijaze kwa supahiti, valvu yenyewe inairekebisha itakudanganya, we nenda paipu ndogo uangalie sabkuling, yaani gesi imepoa nyuzi ngapi chini ya pale inapogeuka maji: geji ya juu 365 ni kama nyuzi 43, paipu ikiwa 37 una 6, linganisha na kibandiko cha mashine. Na yote hayo baada ya kusafisha filta na koili, sio kabla.

Za VRF, zile za autdoo moja kulisha vyumba vingi, ndo kabisa, kompresa inabadili spidi yenyewe sa ngapi utaiamini geji. Gesi ya kiwandani ni ya autdoo tu, ile mashine ya nje, paipu ulizotandaza wewe unazipigia hesabu kwenye kitabu chake. Mfano mashine nyingi za 410A paipu ya gesi ya maji ya 9.5 mm inataka 0.059 kg kila mita na ya 12.7 inataka 0.12, kwaiyo ukitandaza mita 40 za ile ndogo na 30 za ile kubwa ni 2.36 jumlisha 3.6, karibu kilo 6, unapima kwenye mzani na unaandika ndani ya mfuniko ili fundi ajae asianze kubahatisha.

Alafu jamani tuache kumwambia mteja gesi imeisha. Gesi haiishi kama dizeli, imevuja, itafute. Naitrojeni na povu la sabuni, na nimesema naitrojeni, sio oksijeni ya kuchomelea, oksijeni ikikutana na oili ya kompresa inalipuka na hutapata muda wa kujuta. Ukishaziba vuta vakyumu, yaani toa hewa na unyevu wote, mpaka geji ya vakyumu isome maikroni 500, funga pampu usubiri uone kama inapanda, kwa unyevu huu wa Dar dakika kumi za kuvuta hazitoshi. 410A na 407C ni mchanganyiko, jaza ikiwa maji, mtungi usio na bomba la ndani unaupindua, ukijaza mvuke unachukua gesi moja zaidi ya nyingine. Na wanaotia R32 kwenye mashine ya 410A kisa rahisi, ile inashika moto, mashine haikutengenezwa kwa ajili yake.

Wa R22, ile gesi ya zamani, mnaniuliza kila siku mbona inapanda bei. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa dunia wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zetu zinaachana nayo 2030, baada ya hapo ni kiduchu cha matengenezo mpaka 2040. Kwaiyo ukiifungua inyonye uirudishe kwenye mtungi, usiiachie hewani, ile hela.

Mzani wa chama na pampu viko kwa katibu. Daftari la kuazima nimelipitia, mwaka mzima majina ni yaleyale manne, na mmoja wao alirudisha pampu oili nyeusi kama ya daladala. Oili tumeshabadili, jina lake nitalisema kikaoni.