Mkataba wa bwawa upimwe kwa mwaka wa ukame

Ndugu Mhariri,

Bwawa Kuu la Ethiopia, lililo kwenye Nile ya Buluu, tawi la Mto Nile, lilipozinduliwa Septemba 9, 2025, habari nyingi ziliandikwa kwa megawati: 5,150, bwawa la umeme kubwa kuliko yote Afrika. Wanaoitetea Misri nao walirudia namba yao, mgao wa maji ya Nile wa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka. Naomba nafasi niulizie namba ya tatu, ambayo haichapishwi kwa kuwa haijakubaliwa: mvua zikikatika miaka mitatu mfululizo, Ethiopia itawafungulia Sudan na Misri maji kiasi gani?

Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama kwa miaka mingi. Azimio la Kanuni ambalo Ethiopia, Sudan na Misri walilitia saini Khartoum Machi 2015 lina maneno mazuri juu ya matumizi ya haki na kutoleteana madhara, lakini kanuni zenyewe za kujaza na kuendesha bwawa ziliachwa zikubaliwe baadaye. Baadaye hiyo haijafika. Ujazaji ulianza Julai 2020 bila mkataba, na Sudan ikalalamika kwamba mto umeshuka. Mwaka 2025 mafuriko yalipoipiga Sudan, lawama ikawa maji yamezidi, na Ethiopia ikakanusha. Sishangai. Pasipo kanuni iliyoandikwa, maji yakipungua yuko wa kulaumiwa, yakizidi yuko vilevile.

Wala siutetei mkataba wa 1959, ambao ndio chimbuko la hizo bilioni 55.5. Misri na Sudan walichukua wastani wa maji ya Nile yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, bilioni 84 kwa mwaka, wakatenga 10 za kupotea kwa mvuke, Sudan ikapata 18.5 na Misri zilizobaki. Ethiopia, ambako sehemu kubwa ya maji hayo hutoka, haikuwamo kabisa. Na hata kama ingekuwamo, walichogawana ni wastani, na hakuna mkulima aliyewahi kumwagilia shamba kwa wastani.

Kariba, kwenye Mto Zambezi, kuna utaratibu mwingine. Ziwa ni la Zambia na Zimbabwe, na chombo chao kimoja, Mamlaka ya Mto Zambezi, hupima maji na kumpa kila mmoja mgao wa mwaka kulingana na ziwa lilivyo. Novemba 2022, maji ya kuzalishia umeme yalipobaki chini ya asilimia 5, mamlaka hiyo iliiandikia kampuni ya umeme ya Zimbabwe kwamba imemaliza mgao wake, izime mitambo. Yalikuwa maumivu makubwa, na baadaye masharti yalilegezwa kidogo. Lakini ubishi wao ulihusu kipimo ambacho wote wawili wanakisoma. (Nisiisifu Kariba kupita kiasi: Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kupisha ziwa lile.)

Kuna pia bwawa la Manantali, Afrika Magharibi. Bwawa limejengwa ndani ya ardhi ya Mali, ila kisheria ni la pamoja na Senegal na Mauritania, na mgawo wa umeme wake ni asilimia 52 kwa Mali, 33 Senegal, 15 Mauritania. Ukiwa mwenye hisa, huwezi kuliona bwawa kama bunduki ya jirani.

Najua kuna watakaosema Mkataba wa Entebbe, wa nchi za bonde la Nile kuhusu matumizi ya maji yake, ulioanza kutumika Oktoba 2024, umeshamaliza suala. Misri na Sudan hawamo. Mkataba wa maji usio na walio chini ya mto haujawafunga wale hasa wanaogombana.

Kwa hiyo, Mhariri, waziri yeyote akitoka mkutanoni na kutangaza kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri, waandishi wako wamuulize: ziwa likishuka hadi mita ngapi ndipo kanuni za ukame zinaanza kufanya kazi? Nani anasoma kipimo? Taarifa za maji yanayofunguliwa zinafika kwa jirani kila siku, au baada ya mafuriko? Majibu yake myachapishe ukurasa wa kwanza, hata kama ni kimya.

Msomaji wenu