Msumeno wa Mtumba Ukaguliwe Kabla ya Kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wakulima wa korosho wa huku Masasi na Newala, wanaonunua misumeno ya mnyororo ya mitumba kwa ajili ya kupogolea mikorosho, wasiridhike muuzaji akiiwasha na kuipiga resi mbele yao. Mngurumo hauonyeshi hali ya pistoni. Fungueni ekzosi, mmulike ndani kwa tochi: pistoni ikiwa na mikwaruzo ya wima, huenda mashine hiyo iliendeshwa kwa petroli isiyo na oili ya 2T (oili inayochanganywa na petroli ili kulainisha injini) ya kutosha, ambayo kwa mashine nyingi za kisasa ni mililita 20 kwa lita.

Sisi tunaopenda kufufua zana hizi hukutana jioni kubadilishana spea na ujuzi, na linaloniuma zaidi ni mafundi wanaong'oa breki ya mnyororo kwa sababu tu imekwama. Breki hiyo ndiyo husimamisha mnyororo pale msumeno unaporuka ghafla kumwelekea mkataji. Mara nyingi imeganda kwa unga wa mbao uliochanganyika na oili, na brashi na petroli kidogo huiachia. Msumeno usio na breki usiuzwe kabisa.

Fundi na mpenda zana,
Masasi, Mtwara