Risala ya Wanafunzi wa Misitu na Kilimo Mseto kwa Mgeni Rasmi, Sikonge, Mkoa wa Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Kamati ya Maliasili,
Walimu wetu, wazee wetu, wakulima mliotupokea,
Mabibi na mabwana,

Mwangaluka!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutufungia mafunzo yetu ya vitendo. Sisi ni wanafunzi wa shahada ya misitu. Tumeletwa hapa kwa sababu darasani miombo, yaani misitu ya asili ya huku, ni picha ukutani, na huku miombo ndiyo kuni, dawa, asali na paa la nyumba.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kupima miti: kamba inazungushwa kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, unasoma, unaandika, unahamia mti mwingine. Majina ya kitaalamu tulikuwa nayo, lakini bila wazee wa kijiji kututajia mtundu, muba na mninga, tungechelewa sana. Hapo ndipo mzee mmoja alipotuonyesha mche wa mninga uliokauka hadi chini, tukaandika kwamba umekufa. Alicheka, akafukua udongo kwa ncha ya panga. Chini kulikuwa na mzizi mnene, mbichi, unene wa kidole gumba. Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku ukijaza akiba ardhini, mpaka siku ile mzizi unapokuwa na nguvu ya kusukuma shina lisilorudi nyuma. Kwa hiyo shamba linalosafishwa kwa moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa, linaweza kuwa linaangamiza mininga ambayo mwenye shamba hajui kama anayo. Wafuga nyuki wa hapa, ambao huchoma mapema wakati nyasi bado zina unyevu, wanalijua hili kuliko vitabu vyetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuwezi kuzungumzia misitu ya Tabora tukaikwepa tumbaku. Tulikaa usiku kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa joto la moto. Tumbaku ya mvuke haitaki moto wa kuotea, inataka moto usiolala, siku tano hadi saba, kwanza joto la chini ili jani ligeuke njano, kisha la juu mpaka mshipa wa kati ukauke. Ukiuacha upoe katikati, jani linaharibika na daraja linashuka sokoni. Mkulima anayekata miti saa nane za usiku kulinda jasho la msimu mzima si mjinga wala si adui wa mazingira. Anakata kilicho karibu, na kilicho karibu ni msitu ambao kila mtu anauona ni wa mwingine.

Ndiyo maana kilichotuvutia zaidi ni mashamba ya kuni. Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kilianza kazi hiyo na watafiti wa kilimo mseto mwishoni mwa miaka ya 1980. Mkulima anapanda akasia aina ya Acacia crassicarpa, mti wa asili ya Australia na Papua New Guinea, katikati ya mahindi yake. Miaka 2 au 3 ya kwanza anavuna mahindi kama kawaida kwa kuwa kivuli bado ni kidogo. Baadaye anaiachia miti shamba, na ikifika mwaka wa 5 hivi anakata kuni za bani, kisha anarudi kulima. Tunasema ukweli wake wote: majani ya mti huo ni magumu, huchelewa kuoza, kwa hiyo mwenye haraka ya mbolea apande mti wa gliricidia, ambao majani yake huoza upesi. Lakini kwa kuni, na mkoa wenye bani nyingi namna hii, hatuoni kwa nini kila mkulima wa tumbaku asiwe na kipande.

Wakulima walitujibu. Jibu lao ndilo tunalolileta kwako.

Kwanza, miche hufika Januari. Mvua za Tabora huanza Novemba na msimu ni mmoja tu. Mche wa Januari unamkuta mkulima kwenye tumbaku, unapandwa kwa haraka pembeni, na ifikapo Julai mchwa wameshaumaliza. Tunaomba kitalu cha kijiji chenye mbegu mapema, ili miche iwe tayari mvua ya kwanza ikinyesha.

Pili, na hili ni zito zaidi: wengi wanalima mashamba ya kuazima au kukodi. Ukipanda mti kwenye shamba la watu, mwenyewe anaanza kukutilia shaka kwamba unataka kumpora. Kina mama ndio hukumbana na hili zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke linaweza kuandikwa pamoja na la mume. Tunaomba upimaji wa mashamba uharakishwe, na kwa wapangaji, Serikali ya Kijiji ishuhudie makubaliano ya maandishi yanayosema wazi miti ni ya nani na itakatwa lini.

Kuhusu mizinga ya nyuki ya magome, inayoua mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja, Kamati ya Maliasili imeshaanza kuikataza, nasi tunawaunga mkono.

Takwimu zote tulizokusanya tumeandika nakala mbili. Moja tunaikabidhi leo kwa ofisi ya kijiji, ikiwa na majina ya miti kwa Kinyamwezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.