Chumba cha dola 29 Las Vegas sio cha dola 29, angalieni mtaa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nichangie ile makala yenu ya safari iliyowaambia wasomaji kwamba Las Vegas kulala ni bei chee, eti kwa vile mahoteli yanataka uje ucheze kamari basi chumba wanakupa karibu na bure, wewe tafuta tu chochote karibu na Strip, ile barabara ya mahoteli makubwa ya kasino, ubuku. Hiyo habari ilikuwa kweli zamani. Leo msomaji mwenye pesa ya kuhesabu akiifuata ataumia, na wengi wanaoenda kule siku hizi wala hawaendi kwa ajili ya kamari, wapo watu wa maonyesho ya biashara, watu wa makongamano, watu wanaotembelea ndugu zao.

Nevada, jimbo lenye mji huo, iliruhusu kamari 1931 na kwa miongo mingi mwenye kasino alikuwa radhi ale hasara kwenye chumba na chakula ili akupate mezani usiku. Lakini ni miaka mingi sasa pale Strip pesa ya kamari ni chini ya nusu ya mapato ya yale mahoteli makubwa, kubwa zaidi inatoka kwenye vyumba, misosi, vinywaji na shoo, kwahiyo chumba sio chambo tena, ndo ndoano yenyewe. Pakingi ilikuwa bure miaka yote mpaka 2016 kampuni moja kubwa ikaanza kutoza, wengine wakaona kumbe inawezekana wakafuata. Na zile hoteli kongwe ambazo mtu wa kawaida alikuwa anajibanza ndo zinaondoka moja moja, Riviera ilifungwa 2015, Tropicana ilifungwa Aprili 2024 na Oktoba mwaka huohuo wakailipua usiku kwa fataki na droni angani kama vile ni harusi, pale panajengwa uwanja wa besiboli.

Sasa tuje kwenye hesabu manake hapo ndo makala yenu ilipopita juujuu. Tuseme umeona chumba dola 29. Kuna kitu wanaita ada ya risoti, ni lazima kila usiku hata kama hutogusa bwawa wala jimu wala intaneti yao, na Strip mara nyingi iko dola 35 mpaka 50 na ushee. Chukua 45, jumla 74. Alafu kodi ya chumba kama asilimia 13 na inapigwa juu ya ile ada pia, unafika kama dola 84 na bado hujaegesha gari. Ni kweli tangu Mei 12, 2025 kuna kanuni ya serikali ya Marekani inayotaka ada za lazima zioneshwe kwenye bei tangu mwanzo, na imesaidia, ila watu wakaielewa vibaya wakadhani ada imefutwa. Haijafutwa, imetolewa mafichoni tu. Kodi bado inaweza kuja mwishoni na pakingi haimo, kwasababu pakingi sio lazima, unaweza ukaja kwa miguu, si ndio.

Na kuna jambo halimo kwenye bei kabisa. Nikiwa kwenye foleni ya mapokezi hoteli moja pale, mbele yangu kulikuwa na jamaa na mkewe wanaongea Kiswahili, wameshalipa chumba chote kwa mtandao, dada wa kaunta akaomba kadi tena. Akawaambia kwa upole kabisa kwamba wanazuia kiasi fulani kwa kila usiku kama amana, endapo watatumia kitu. Jamaa anasema lakini tumelipa, dada anasema ndio mmelipa chumba, hii ni amana. Kadi yake ilikuwa ya akaunti ya kawaida ya benki sio ya mkopo, kwahiyo ile pesa ilifungwa palepale mbele ya macho yake, na ikishafungwa hivyo mara nyingi inarudi siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Mke akawa anahesabu noti kwenye pochi bila kusema neno. Mtu amebana bajeti mpaka senti ya mwisho alafu pesa ya kula ya siku nne inalala benki! Kabla hujabuku ulizeni amana ni kiasi gani kwa usiku, na kama mna kadi ya mkopo hapo ndo mahali pake.

Sasa mtaa. Kitu cha kwanza ambacho wageni wengi hawajui ni kwamba Strip haiko ndani ya jiji la Las Vegas. Sehemu kubwa iko eneo linaitwa Paradise, chini ya kaunti ya Clark. Wenye kasino miaka ya 1940 walijenga nje ya mpaka wa jiji makusudi wakwepe kodi za jiji, na jiji lilipotaka kuwameza, 1950 Paradise ikaundwa kuwa mji wake. Unaweza kusema hayo ya historia yananihusu nini mimi natafuta kitanda, yanakuhusu sana, kwasababu tangazo likiandika hoteli iko karibu na katikati ya jiji wanamaanisha downtown, mtaa wa Fremont, ambao uko kama kilomita 8 kutoka yale mahoteli ya katikati ya Strip unayoyaona kwenye picha. Nimekutana na watu waliobuku downtown wakidhani watashuka ngazi wakute chemchem za hoteli ya Bellagio, ambayo iko Strip.

Hata hivyo mimi kwa mtu wa bajeti anayekwenda kuona mji, ntamwambia downtown. Fremont ndo kasino zilipoanzia, Golden Gate ipo tangu 1906 na El Cortez tangu 1941, vyumba ni vya kawaida, ada kwa kawaida ni ndogo kuliko Strip, na kubwa zaidi ni kwamba vitu viko karibukaribu, unatoka hoteli hii unaingia ile kwa dakika mbili chini ya lile paa la taa walilofunika barabara tangu 1995. Ubaya wake ni kelele. Sio kelele ya kusema utazoea, hapana, ni majukwaa ya muziki nje mpaka usiku mwingi na watu wanapita juu wananing'inia kwenye waya wakipiga mayowe, kwahiyo ukifika mapokezi omba chumba cha upande usiotazama Fremont, na cha juu. Na usiku usitembee mbali kuelekea mashariki, ukipita vile vitalu vya baa taa zinapungua ghafla na watu wanabadilika.

Strip yenyewe nayo sio moja. Ina urefu wa karibu kilomita 7 na ramani inadanganya. Hoteli mbili zimepakana, unasema ntavuka tu, unakuta barabara ina uzio, lazima upande ngazi za umeme uende juu ya daraja la wapita njia, daraja linakutupa ndani ya maduka ya hoteli, unazunguka, unashuka, ushakata robo saa na bado hujafika mlangoni, na ukifika mlangoni kuna sakafu nzima ya mashine za kamari ndipo uone lifti. Ongeza jua la jangwa. Julai 7, 2024 joto lilifika nyuzi 48.9, ni rekodi ya mji ule, na hata Julai ya kawaida nyuzi 40 sio habari. Kwahiyo chumba cha bei nafuu kilichoko mwisho wa kusini au mwisho wa kaskazini wa Strip kitakumalizia kwenye taksi ulichookoa kwenye kitanda, ndo maana nasema kama lazima uwe Strip bora ulipe kidogo zaidi ulale katikati, hasa siku za Jumapili mpaka Alhamisi ambapo bei inashuka, kuliko kulala pembeni wikiendi.

Basi lipo, linaitwa Deuce, linatembea saa 24 kutoka Strip mpaka downtown, nauli yake ni kubwa kuliko mabasi ya mitaa ya wenyeji lakini ukichukua tiketi ya siku nzima inalipa. Ila usilipange kama una miadi, linasimama karibu kila hoteli na foleni ya magari jioni ni balaa. Ile reli ya monorail ni ya haraka lakini inapita nyuma ya mahoteli ya upande wa mashariki tu, kutoka hoteli ya MGM Grand mpaka ya Sahara, haifiki downtown, haifiki uwanja wa ndege, na usiku inalala.

Hapo kwenye monorail ndo nije kwa wafanyabiashara wetu, manake hawa ndo naona wengi wanapotea. Anayekwenda kwenye maonyesho pale Convention Center, ule ukumbi mkubwa ambao monorail inasimama, iwe yale ya umeme ya Januari au ya vifaa vya magari ya Novemba, hana haja na hoteli ya kasino hata kidogo. Upande ule wa barabara ya Paradise, mashariki ya Strip, kuna hoteli za kawaida zisizo na kasino, nyingi hazina ada ya risoti, kuna za kukaa muda mrefu zenye jiko dogo na friji, baadhi wanatoa chai asubuhi bure na pakingi bure. Bei ya tangazo utaiona ni kubwa, dola mia na kitu, utaikimbia uende kwa ile ya 29, lakini kaa chini uhesabu. Chumba cha hoteli ya kasino mara nyingi hakina hata birika la kuchemshia maji, na ukitaka friji ya kwako wapo wanaotoza, ile iliyopo ina vinywaji vyao na ukisogeza tu chupa kuna mashine inaandika deni. Mayai na mkate utakula chini kwa bei ambayo sitaki kuiandika hapa. Mtu mwenye friji na jiko ananunua maziwa na matunda anamaliza wiki. (Strip maduka ya vyakula ya maana ni nadra, watu wa bajeti wananunua maji na mikate kwenye maduka ya dawa, usishangae.)

Na wale ambao kwa dini zao au kwa watoto wao hawataki kupita kwenye kamari kila wakitoka chumbani, mtaa huohuo unawafaa. Sheria ya Nevada chini ya miaka 21 hairuhusiwi kuzubaa kwenye sakafu ya kamari, kwahiyo mzazi unavuta mtoto mkono mbiombio kila safari ya lifti. Moshi wa sigara pia, ndani ya kasino nyingi bado wanavuta.

Mahali ambapo sipapendi na nasema wazi ni kile kipande cha Las Vegas Boulevard, barabara ileile ya Strip, kilichoko kati ya mnara wa hoteli ya Strat upande wa kaskazini na downtown. Kwenye ramani kinaonekana kizuri, katikati ya vitu vyote, na moteli zake ni rahisi kweli. Lakini kwa miguu usiku hapafai, hasa kwa mtu mgeni na begi mkononi. Vilevile moteli za wiki kwa wiki za barabara ya Boulder, huko ni mbali, ni kwa mwenye gari na anayejua anachofanya. Na hoteli za magharibi ya barabara kuu ya I-15, unaziona kabisa taa za Strip dirishani, unadhani ni karibu, kumbe kuna barabara ya magari yenye njia kibao katikati na kuivuka kwa mguu ni kutembea juu ya daraja refu magari yanakupita ubavuni. Upande huo faida yake ni Chinatown ya Spring Mountain, kula pale ni nafuu na chakula ni kizuri, nendeni mkale mrudi.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Safari nyingine mkichapa orodha ya malazi ya bei nafuu ya mji kama ule, wekeni safu moja ya bei yote, yaani chumba na ada na kodi kwa usiku, safu nyingine ya amana inayozuiwa kwenye kadi, na ya tatu mwendo wa kwa miguu mpaka kituo cha Deuce au cha monorail. Picha ya bwawa la kuogelea mnaweza kuiacha, nafasi itatosha.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.