Dola 5 za Ford hazikuwa sadaka

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Henry Ford, yule tajiri wa kiwanda cha magari, na makumbusho yake ya Dearborn, Michigan, huko Marekani, nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliifurahia. Ya pili nikakwama pale mwandishi aliposema kwamba mwaka 1914 Ford aliwalipa wafanyakazi wake dola 5 kwa siku kwa kuwaonea huruma. Mimi ni fundi magari mstaafu, nimelala chini ya magari ya watu kwa zaidi ya miaka 30, na tajiri wa kupandisha ujira mara mbili kwa huruma tu sijamwona bado.

Dearborn sijafika. Lakini vitu vingi vya makumbusho hayo vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, bure, na mjukuu wangu alinifungulia kwenye simu yake. (Chaji ikaisha, tukahamia simu ya mama yake.) Tulianza na kigari alichokiunda Ford mwaka 1896: magurudumu manne mithili ya baiskeli, rivasi hakina, na kinaongozwa kwa fimbo, kama mashua. Nilicheka. Neno letu usukani limetoka baharini, kumbe na kigari cha mwenyewe kilianzia huko huko! Alikiuza dola 200, baadaye akakinunua tena kwa dola 65.

Gari lake la Model T ndilo lililonikalisha. Lina pedali tatu, na ya mafuta haimo. Mafuta unayatia kwa mkono, kwa kikono kilicho chini ya usukani. Pedali ya katikati ndiyo rivasi. Tangi la petroli liko chini ya kiti na pampu hakuna, petroli inateremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kwa hiyo mlima ukiwa mkali na petroli ikiwa kidogo, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Ningelipenda gari hilo liingie gereji kwangu, hata kwa siku moja.

Sasa turudi kwenye dola 5. Kuna picha ya kiwanda cha Ford cha Highland Park, mwaka 1913: wanaume wamepangwa ubavu kwa ubavu, mbele yao safu ya magneto, kile kifaa cha sumaku kinachotoa cheche za injini. Mjukuu akaniuliza yupi hapo ni Ford. Kabla ya kupangwa hivyo, mtu mmoja aliunda magneto nzima kwa dakika kama 20. Kazi ikagawiwa watu 29, kila mmoja na kipande chake, muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10, baadaye dakika 5. Kisha wakafanya hivyo hivyo kwa chesisi, yaani kiunzi cha chini cha gari: muda wa kuunda moja ukashuka kutoka saa 12 na nusu za kazi hadi saa moja na dakika 33.

Jiweke hapo, Mhariri, uwe wa kukaza nati ile ile kutwa nzima. Watu hawakuweza. Mwaka huo walioacha kazi walifika asilimia 370, maana yake kila nafasi moja ilipitiwa na karibu watu wanne ndani ya mwaka. Dola 5 zilitangazwa Januari iliyofuata, pamoja na siku ya kazi ya saa 8. Na zilikuwa na masharti. Kampuni ilituma wakaguzi majumbani, waone nani mlevi, nani anaweka akiba, nyumba ya nani chafu. Aliyeonekana hafai hakuzipata zote.

Jambo jingine makala iliruka, na nyinyi watu wa magazeti ndio mngelidaka wa kwanza. Ford alikuwa na gazeti lake, Dearborn Independent, lililoanza kuwashambulia Wayahudi mwaka 1920, na mawakala wa magari yake wakabanwa waliuze. Mwaka 1927 aliomba radhi, gazeti likafungwa.

Sisemi mumnyime Ford sifa ya gari, japo Karl Benz wa Ujerumani alishapata hataza ya lake mwaka 1886. Naomba ile sentensi ya huruma isahihishwe. Na mkimwandika tena, badala ya picha ya Ford amesimama kando ya gari, chapeni ile ya mafundi wa magneto.

Wenu,
Fundi mstaafu,
Tanga