Mtoto hakohoi kwenye kikopo

Mhariri,

Nimeanza kulisoma gazeti lenu enzi nikiwa fundi wa reli na wauzaji wakilipitisha madirishani stesheni. Miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya juzi, kwamba wataalamu wako mbioni kutuletea vipimo rahisi zaidi vya kifua kikuu, imenishinda kuimeza. Rahisi kwa nani?

Utaalamu siubezi. Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alikiona kidudu cha ugonjwa huu kwa hadubini mwaka 1882. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapitisha mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu ndani ya saa mbili na kukwambia kama ugonjwa umekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Hapa kwetu Morogoro tuna hata panya buku waliofunzwa kunusa TB pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mmoja ananusa sampuli 100 kwa dakika 20, na wazungu wanapanda ndege kuja kumtazama. Sasa hadubini, mashine na panya, nilivyojua mimi wakati huo, wote wanataka kitu kimoja: makohozi.

Mwaka juzi mjukuu wangu wa miaka mitatu alianza kukohoa. Wiki ya kwanza zahanati wakampa dawa ya maji ya amoksilini. Wiki ya tatu wakampa chupa nyingine ileile. Kaptula zikawa zinampwaya, mama yake anazifunga kwa uzi. Nikawaambia jamani, baba yake mdogo analala chumba hichohicho na yumo kwenye dozi ya TB mwezi wa pili, kadi yake hii hapa. Nesi akanipa kikopo cha plastiki: "Babu, mlete na makohozi ya asubuhi kabla hajala." Mhariri, umewahi kumwamrisha mtoto wa miaka mitatu akohoe kutoka kifuani? Tulimwamsha alfajiri, tukamwinamisha, tukampigapiga mgongoni, mama yake akajikoholesha ili amwige. Mtoto akacheka. Akatema mate, mengine akayameza. Tukayapeleka hayo. Nesi akainua kikopo dirishani: "Haya mate, babu, si makohozi." Siku tatu mfululizo! Siku ya nne nikapanda bodaboda hadi hospitali kubwa, shilingi elfu kumi na tano kwenda tu, mtoto katikati yetu kama mzigo wa mkaa. Kufika, mashine ipo, imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma. Katriji, vile vikasha vya kuwekea sampuli ndani ya mashine, zimeisha. Njoo wiki ijayo.

Na hilo benchi la kusubiria nalo lina mambo. Tulikaa zaidi ya ishirini kwenye korido, wenye vikohozi, wajawazito na watoto wachanga, madirisha yamepigwa misumari yasifunguke eti wezi wasiibe kompyuta. Ukutani kuna bango: TB HUENEA KWA HEWA. Nikamwuliza mlinzi kama kasoma bango. Akaniambia nikae foleni.

Aliyemwokoa mtoto ni daktari wa mji mwingine, aliyesikiliza habari za huyo baba mdogo, akaangalia picha ya kifua, akaanza dawa. Leo anakimbiza kuku. Kilichonichoma ni kijana wa maabara ya hapohapo, aliyeniambia kwa sauti ya chini kuwa mashine ileile inapima choo cha mtoto, na Shirika la Afya Duniani limesharuhusu. Choo! Makohozi hakuwa nayo, lakini choo alikuwa nacho kila asubuhi, bila kulazimishwa, wakati mwingine kwenye mkeka wangu. Wiki sita nzima hakuna aliyekiulizia.

Basi kabla ya hivyo vipimo vipya, naomba mbao za zahanati ziandikwe kwa herufi kubwa: MTOTO CHINI YA MIAKA MITANO, ULIZA HABARI YA CHOO. Rangi nitanunua mimi. Katriji moja ilishuka kutoka dola 9.98 hadi 7.97 Septemba 2023, kwa hiyo Siku ya Kifua Kikuu, Machi 24, fulana na kofia tusipewe, fedha yake inunue katriji. Na mgeni rasmi akishuka garini, kabla ya risala na ngoma, akabidhiwe kikopo atoe makohozi pale pale mbele yetu. Akitoa mate, arudi kesho kabla hajala.

Babu wa mjukuu mmoja,
Mstaafu wa reli,
Morogoro