Miski haikutembea yenyewe

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Tibet ilinifurahisha kwa picha za milima, ikaniudhi kwa sentensi moja tu: kwamba nchi ile ilijifungia nyuma ya theluji, haijui mgeni, hadi Waingereza walipoingia Lhasa, mji wake mkuu, mwaka 1904. Nimeisoma mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo yenye kosa.

Mimi si msomi wa historia. Nimeuza manukato Mji Mkongwe miaka thelathini na kitu, na kilichonifundisha habari za Tibet ni chupa. Dukani kwa marehemu baba, chupa ya miski ilikaa rafu ya juu peke yake, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Mteja akiiulizia, mzee alichovya kijiti, akampaka nyuma ya kiganja, kisha akamwambia, "Haya, nenda zako, urudi baada ya Alasiri." Mwenye haraka alinunua asumini akaondoka.

Miski nyingi inayouzwa siku hizi imetoka maabara, mnyama hajapita hata karibu yake. Ile ya asili hutoka kwa paa mdogo wa milimani asiyeota pembe, ambaye dume lake lina meno mawili marefu yaliyochomoza nje ya mdomo. Karibu na kitovu chake pana kifuko mfano wa ndimu ndogo, chenye nywele, na ndani mna chembechembe nyeusi-nyeusi kama damu iliyokauka. Paa huyo haishi Hijazi wala Iraq; yuko milima ya Tibet na China. Basi Surat Al-Mutaffifin ilipotaja kinywaji cha peponi ambacho mwisho wake ni miski, na Mtume (S.A.W.) alipomfananisha rafiki mwema na mchukuzi wa miski, waliosikia walikuwa wanaijua harufu yenyewe. Kuna watu walioifikisha sokoni.

Shahidi wangu mkubwa ni al-Masudi wa Baghdad, msafiri na mwanahistoria, na namtanguliza kwa sababu sisi wa pwani tuna haki naye. Alisafiri bahari hii yetu. Mara ya mwisho alitoka Qanbalu, ambayo wanahistoria wengi wanaiona ni Pemba, akaenda Oman mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917. Aliandika kwamba katika bahari zote alizopanda hakuona ya hatari kuliko ya Zanj, yaani hii ya pwani yetu. (Wanaovuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi watamwelewa.) Katika kitabu chake, Muruj al-Dhahab, ameeleza jinsi pembe za ndovu za pwani hii zilivyopelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Na katika kitabu hicho hicho ameipambanua miski ya Tibet na ya China.

Ya Tibet ni bora, anasema, kwa mambo mawili. Kwanza, paa wa Tibet hula sunbuli na majani mengine yenye kunukia, na wa China hawayapati hayo. Pili, Watibeti huiacha miski ndani ya kifuko chake, ilhali wenzao wa China huitoa wakaighushi kwa damu na vinginevyo. Hayo si maneno ya mtu aliyesikia jina la nchi tu. Ni maneno ya soko, ya watu waliokwisha kupunjwa wakajifunza kukagua mzigo. Baba angeketi naye barazani mpaka Magharibi.

Tabibu Ibn Sina aliiweka miski hiyo katika dawa za moyo. Na Watibeti nao walichukua dawa kutoka upande wa pili. Zafarani katika vitabu vyao vya tiba ni gur kum, jina lile lile la Kiarabu, kurkum. Tiryaki, dawa mashuhuri ya sumu, kwao ni dar ya kan. Neno la dawa halivuki milima kama dawa yenyewe haikuvuka.

Zaidi ya hayo, mapokeo ya matabibu wao yanasimulia kwamba mfalme Songtsen Gampo, wa karne ya 7, aliita waganga watatu: mmoja wa India, mmoja wa China, na wa tatu kutoka Tazig, yaani upande wa Waajemi na Waarabu. Huyo wa tatu wanamwita Galenos, na husimuliwa kwamba wenzake waliporudi kwao, yeye alibaki. Bila shaka si Jalinusi mwenyewe, yule tabibu mashuhuri wa Wayunani wa kale, maana alikuwa amekwisha kufa kiasi cha miaka 400 kabla. Lakini hebu tazameni: watu wanaodaiwa hawakujua mgeni ndio wanaojisifu kwamba tabibu wa mfalme wao alikuwa mgeni.

Sijagusa bado Waislamu wenyewe wa Lhasa. Watibeti huwaita Khache, kwa jina la Kashmir, walikotoka mababu wa wengi wao. Dalai Lama wa tano, aliyefariki mwaka 1682, aliwapa ardhi nje ya mji. Wenyewe husimulia kwamba mshale ulirushwa, na ulipoangukia ndipo ukawa mpaka wao. Wakapata msikiti na makaburi. Walifanya biashara, wakaoa Watibeti, wakazungumza Kitibeti nyumbani.

Naomba sentensi ile irekebishwe. Na mkimtuma tena mwandishi wenu Himalaya, apitie Srinagar, huko Kashmir, walikohamia wengi wa Khache baada ya machafuko ya Tibet ya mwaka 1959, awaulize kama wazee wao waliingia Lhasa kwa kibali cha Mwingereza.

Muuza manukato mstaafu,
Mji Mkongwe, Unguja